Fumba Macho Uniambie Nakugusa Wapi

Kabla hujaniambia kwamba moshi ulinipanda kichwani, au kwamba nilikuwa na uchovu wa msiba, nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Mimi si mtu wa kuonaona vitu. Nimeuza chakula Tunduma miaka kumi na tisa, kando ya foleni ya malori yanayovuka kwenda Zambia, na mtu anayelisha madereva hana muda wa mashetani. Haya yalinitokea mchana, kwenye saa tisa alasiri, nikiwa na akili zangu timamu na masufuria mawili mbele yangu. Alama ninayo mkononi. Ukipita kwangu nitakuonyesha, ila ukiniuliza kwa kejeli sikuonyeshi.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Pale mpakani waliniita Mama Chuma, na jina lilitokana na mikono yangu. Chapati nilikuwa nageuza kwa vidole. Sufuria la maharage likichemka nalitoa motoni kwa mikono mitupu na kuliweka chini taratibu, huku wasichana wangu wawili wa kazi bado wanatafuta tambara la kushikia. Madereva wa Kizambia walipenda kukaa karibu na jiko waone. "Bamayo, hiyo mikono umeinunua wapi?" wananiuliza, bamayo kwao ni mama, nami nawajibu kwamba duka limeshafungwa. Wanacheka, wanaongeza chapati. Niamini, nilijivuna sana. Nilidhani ni uzoefu, kwamba miaka yote ile ya kusimama motoni imenilipa kitu.

Lakini nikuambie ukweli ambao wakati ule niliuficha hata kwangu mwenyewe. Zamani nilikuwa naungua kama mtu yeyote. Mkono wa kulia ulianza ushujaa wake kama mwaka mmoja na nusu kabla ya siku ninayoisimulia; wa kushoto ulikuwa unagusia tu pembeni. Na chini ya kiwiko cha mkono huohuo palikuwa na baka, rangi yake imefifia kidogo kuliko ngozi nyingine, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Haliwashi, haliumi. Nilipaka dawa ya fangasi likagoma, nikapaka mafuta ya nazi likagoma, nikaliacha. Kitu kisichouma nani anakihangaikia?

Mtu mmoja tu alilihangaikia, baba yangu mdogo. Yeye alifanya kazi ujana wake wote katika hospitali ya wakoma huko milimani Mbozi, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Siku hizi ile si hospitali tena. Wodi moja imekuwa zahanati ya kijiji, nyingine zimeota majani, na katika safu moja ya vijumba wamebaki wazee wachache waliopona miaka mingi iliyopita lakini hawana kwa kurudi. Watu bado wanapaita Kambini. Sitapataja kwa jina lake, maana watu wake wapo na aibu yangu inatosha. Baba mdogo alipostaafu alibaki hapohapo na mkewe, akalima kahawa yake.

Pasaka nilikwenda kuwasalimia. Alinishika mkono kunikaribisha, kisha hakuuachia. Aliugeuza, akabonyeza kwenye kiwiko, akalitazama lile baka muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kesho yake asubuhi tuongozane hadi zahanati wanipime. Nilijua anafikiria nini. Mimi, mama wa watu, mpishi, niambiwe nina ukoma? Niliudhika sana. Nikavuta mkono wangu, nikasema nina gari la kuwahi, nikaondoka bila kumaliza chai. Hata simu zake sikupokea. Mwezi wa saba nikapigiwa kwamba amefariki.

Basi nikaenda msibani, na kwa kuwa mimi ni mpishi nilikwenda moja kwa moja jikoni. Kule kwetu mwanamke haulizwi kitu msibani. Ukifika umejifunga kitenge, unakaa, unachukua kisu, unaanza kumenya. Hakuna atakayekuuliza wewe nani au umetokea upande gani wa familia, maana kumuuliza mtu aliyekuja kukusaidia kulia ni kumfukuza. Nakuomba uishike desturi hiyo, kwa sababu bila hiyo nisingekaa dakika mbili na mtu nitakayekutajia.

Nyumba ya baba mdogo haikutosha watu, kwa hiyo tulipikia kwenye jiko la zamani la hospitali. Ni chumba kirefu cha tofali, moshi umeupaka ukuta weusi mpaka darini, na mafiga sita makubwa, kila moja ni jiko la tofali lenye mdomo wa kuingizia kuni, yamejengwa kwa mstari. Ulikuwa msimu wa ukungu. Mwezi wa saba kule ukungu unashuka mashambani asubuhi na siku nyingine hauondoki kutwa nzima, unakaa tu juu ya mibuni na kudondosha maji. Siku ya maziko ndiyo ilivyokuwa. Saa nane jeneza likatoka, watu wote wakalifuata makaburini wakiimba, na wanawake wakaniomba nibaki niangalie vyakula kwa sababu mkono wangu wanauamini. Nilibaki na wali kwenye figa moja na nyama kwenye figa la pili. Nyimbo zikasogea mbali mpaka zikapotea ndani ya ukungu.

Nilipogeuka kuchukua kuni, nikamkuta mwanamke mzee amekaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Sikushtuka. Ningeshtukia nini? Nilidhani ni mmoja wa wazee wa vile vijumba, ameshindwa kutembea hadi makaburini. Alivaa koti la kiume lililomzidi, mikono ameificha ndani ya kitenge mapajani. Uso wake ulikuwa laini, paji linang'aa, na hakuwa na nyusi kabisa. Hilo nililiona vizuri, kumbuka, kwa sababu litakuja kuwa na maana kwa mtu mwingine. Alinisalimia kwa Kinyiha cha watu wa zamani, nikaitikia, nikaendelea na kazi yangu. Akaniuliza kama nyama imeiva. Nikamwambia bado kidogo. Basi, mazungumzo ya jikoni.

Wali ulipokauka nikalishika sufuria kwa mikono yangu mitupu, nikalitoa motoni, nikaliweka chini. Sikatai, nililifanya taratibu kuliko kawaida ili alione.

"Nani alikufundisha kushika hivyo?" akauliza.

Nikamwambia hakuna aliyenifundisha, bibi, mikono yangu imezoea moto. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na ile huruma ilinikera, maana nilikuwa nimeshaikimbia mara moja, Pasaka, usoni mwa baba mdogo.

"Hata mimi nilisema hivyohivyo," akasema. "Nilipika harusi tatu nasema hivyohivyo." Akaninyooshea kidevu nikae. "Njoo hapa mwanangu. Fumba macho uniambie nakugusa wapi."

Kwa nini nilikaa? Nimejiuliza swali hilo kuliko maswali yote. Labda ni heshima tu, mtu mzima akikuambia kaa unakaa. Nilikaa kwenye gogo pembeni ya figa la nyama, nikanyoosha mikono juu ya magoti, nikafumba macho kama mtoto anayecheza. Nilisikia kitu chepesi kikipita kwenye paji la uso, kama unyoya wa kuku. Nikasema, usoni. Kikapita shingoni. Nikasema, shingoni. Mkono wa kushoto, kiganja, nikasema, hata nikacheka kwa sababu kilinitekenya.

Kisha kimya. Nikangoja. Moto ulikuwa unalialia, nyama inachemka, maji yanadondoka nje kutoka kwenye bati. Nikangoja tena. Nikasema, "Bibi, mbona umeacha?" Hakujibu. Hapo nikasikia harufu ya nyama inayoungua, na wazo langu la kwanza, niamini, lilikuwa kwamba mchuzi umekauka na wafiwa watakula nini. Nikafumbua macho haraka kuokoa chakula.

Mchuzi ulikuwa umejaa tele. Kigoda kilikuwa kitupu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala ndani ya mdomo wa figa, kiganja juu ya makaa mekundu, na ile harufu ilikuwa yangu mimi.

Nilipiga kelele, lakini si kwa maumivu. Nataka ulielewe hilo. Hakukuwa na maumivu. Niliutoa mkono, nikauona umekuwa vile ulivyokuwa, na ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine niliyeombwa nimshikie. Ndicho kilichonifanya nipige kelele mpaka watu wakanisikia wakiwa wanarudi njiani.

Walijaa jikoni wote kwa pamoja. Mama mdogo, mjane mwenyewe na shela lake la msiba, alikuwa wa kwanza kunishika. Akaniuliza nimefanyaje. Hapa sasa ndipo lilipo jambo linaloninyima amani mpaka leo, kuliko hata yule mwanamke. Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, kwamba mkono wangu hausikii, hausikii muda mrefu. Watu zaidi ya hamsini wananitazama, wengine ni wateja wangu wa Tunduma. Nikasema, "Kuna bibi amenichoma. Bibi kizee wa hukuhuku Kambini. Amenifumba macho akanichoma."

Ni maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyeniwekea mdomoni.

Vijana hawakungoja niseme mara ya pili. Katika vile vijumba alikuwepo bibi kizee mmoja tu, wengine waliobaki walikuwa wanaume. Aliitwa Bibi Skola. Alikuwa ameishi Kambini tangu akiwa msichana, ameshapona zamani, vidole vyake vimebaki vifupi, na alikuwa hakuenda makaburini kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa na kidonda. Walimtoa ndani wakamleta mbele ya jiko, wamemshika mikono huku na huku. Alikuwa anajaribu kuweka kilemba chake sawa na hawampi nafasi.

Nilimtazama mara moja tu nikajua si yeye. Bibi Skola alikuwa na nyusi nene, nyeupe, zimeungana katikati. Huwezi kumchanganya na yule niliyekuwa naye.

Mzee mmoja wa ukoo wetu akaniuliza mbele ya watu, "Ni huyu?"

Nikanyamaza. Siku hizi nikiwa peke yangu nasema kwa sauti, "Hapana, si huyu," maneno matatu mepesi namna hiyo. Siku ile nilinyamaza, nao wakalichukua kimya changu kuwa ndiyo. Maana ningesema si huyu, wangeuliza ni nani basi, na ningesema simjui, wangeuliza mtu anawezaje kukaa na mkono ndani ya moto asiutoe. Swali hilo ndilo nililokuwa nalikimbia.

Bibi Skola ndiye aliyelifikia. Hakuwa anatazama uso wangu, alikuwa anautazama mkono, jinsi nilivyouacha unaning'inia tu bila kuubembeleza kama afanyavyo mtu aliyeungua. Akaacha kuhangaika na wale vijana. Akaniuliza kwa upole, kana kwamba tuko wawili peke yetu, "Mwanangu, unauma?"

Watu wote wakasogea kusikia. Ningesema hauumi, yeye angekuwa salama na mimi ningekuwa mkoma.

"Unauma sana," nikasema. Na nikalia, ili waamini.

Akainamisha kichwa. Hakujitetea tena kwa neno hata moja. Vijana wakaenda kwenye kijumba chake wakang'oa mabati yote, wakatupa nje godoro na vyombo, wakamwambia jua lisizame akiwa pale. Mtu mmoja mwenye huruma akamwitia pikipiki. Alipanda kwa shida, ndoo yake ya plastiki mapajani, mguu wenye kidonda umefungwa kitambaa, wakaingia ukunguni. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa jiko, mama mdogo ananifunga mkono. Tuliona wote wawili.

Jioni ile mama mdogo aliniita chumbani, akafunga mlango. Akaniomba nimweleze tena vizuri. Nilipofika kwenye unyoya na kufumba macho, akaketi kitandani. Akaniambia baba yako mdogo alikuwa akiwapima wagonjwa hivyo, unyoya na macho yamefumbwa, maisha yake yote, na tangu Pasaka alikuwa anasema ni wewe tu amebakiza kukupima. Nikamuuliza, basi yule mwanamke asiye na nyusi ni nani. "Hapa wamepita wengi wasio na nyusi, mwanangu," akasema. "Wengine wamelala pale tulipomzika baba yako." Kisha akaniambia kesho twende zahanati. Unajua nilifanya nini? Alfajiri niliondoka kimyakimya.

Tunduma niliwaambia wateja ambao hawakuwepo msibani kwamba nimemwagikiwa mafuta. Nikavuka upande wa Zambia kwa mganga, akanichanja, akaniambia nimelogwa na mwanamke mzee, nikafurahi kusikia hivyo. Wiki tatu nilikunywa mizizi yake. Mkono ulikuwa unatoa usaha nami nakaangia watu chapati kwa mkono wa kushoto. Halafu asubuhi moja niliamka nikaona shuka lina damu. Nikafikiri ni hedhi imenijia vibaya. Nikafunua. Kidole changu kidogo cha mkono wa kulia hakikuwa na ncha. Panya alikuwa amekitafuna usiku, ametafuna mpaka akatosheka, na mimi nimelala usingizi wa raha.

Siku hiyohiyo nilikwenda hospitali. Sikuoga wala sikumuaga mtu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, ningeweza kumzaa. Alilitazama baka, akabonyeza kiwiko palepale alipobonyeza baba mdogo, akachukua kipande cha pamba. Akasema, "Mama, fumba macho uniambie nakugusa wapi." Nilianguka kwenye kiti, wakanipepea.

Dawa hawaziuzi. Unapewa paketi, vidonge vimepangwa siku kwa siku, unameza mwaka mzima. Mkojo unakuwa mwekundu, ngozi inakuwa nyeusi, watu wanakuuliza umeungua na jua la wapi. Waliniambia nikishaanza dawa simwambukizi mtu tena, na kweli wadudu wamekufa wote. Lakini vidole viwili vimejikunja havinyooki, na kiganja hakitasikia tena kitu chochote. Daktari aliniambia, bila ukali, kwamba ningekuja Pasaka pengine mkono ungerudi wote.

Nilipofika mwezi wa nne wa dozi, tulikwenda kuweka msalaba kwenye kaburi la baba mdogo. Walikuwepo watu walewale, na vijana walewale. Nilisaidia kupika tangu asubuhi, safari hii nimeshika sufuria kwa tambara. Watu walipokaa kula nikasimama. Sikuwa nimepanga maneno. Nilinyanyua mkono nikawaambia ulikuwa na ukoma, kwamba siku ile haukuniuma hata kidogo, na kwamba Bibi Skola hakuingia jikoni kabisa. Nilidanganya, nikasema, kwa sababu niliona aibu.

Hakuna aliyenitukana. Nilitamani wanitukane. Kilichotokea ni kwamba sahani zikaanza kuwekwa chini, moja hapa, moja pale, za wali nilioupika mimi. Mama mdogo peke yake aliendelea kula, tonge baada ya tonge, anatafuna polepole ili wamwone, mpaka akamaliza. Wale vijana walitazama miguu yao. Mwishowe mmoja wao, kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri, akanielekeza Bibi Skola alikokwenda. Yuko Ivuna, akasema, kwa mdogo wake wa kiume anayechemsha chumvi. Akaongeza kwamba ukimwona mwambie arudi.

Nilikwenda wiki hiyohiyo. Ni mbali, na kutoka milimani unashuka kwenye joto mpaka unavua sweta, kisha pikipiki, vumbi, ng'ombe barabarani. Nilimkuta amekaa kivulini mwa banda, miguu yake ndani ya beseni la maji, analoweka kama walivyomfundisha Kambini. Alinitambua kabla sijafika. Akaniambia nichukue mkeka nikae, akanisogezea sahani ya viazi, kama vile nimetumwa na ndugu yake dukani na nimechelewa.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Nikamwambia nimesema ukweli mbele za watu, wanamtaka arudi, mabati nitanunua mimi. Akatikisa kichwa. Alisema hawezi kwenda kulala katikati ya watu ambao tayari wanajua namna ya kung'oa paa lake. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakuwaambia kwamba mkono wangu umekufa, na yeye alikuwa ameshauona. Akasema, "Ningewaambia, wangekutenda wewe. Mimi nilishazoea."

Basi nikamweleza juu ya yule mwingine. Nilianza na koti, nikataja kigoda, nikafika usoni.

"Hana nyusi," akasema Bibi Skola. Hakuuliza. Alisema tu.

Akautoa mguu majini, akaufuta, akaanza kuupaka mafuta bila kunitazama. Akaniambia alikuwa binti mbichi, ameolewa mwaka uleule, na mikono yake ilikuwa sifa ya kijiji kizima. Siku moja mchana, peke yake jikoni, akaja mwanamke akamwambia afumbe macho. Akanionyesha ndani ya mkono wake, juu kidogo ya kifundo, kovu kubwa la zamani, limekunjamana.

"Na wewe uliwaambia nini?" nikamuuliza.

"Niliwaambia mama mkwe wangu ameniloga."

Nilitaka kunyamaza hapo. Ingekuwa heri. Lakini nikauliza, "Wakamfanya nini?"

Alimaliza kupaka mguu wa kwanza, akauweka juu ya mkeka, akauvuta wa pili. Mdogo wake alikuwa anakoroga chumvi kule juani.

"Wewe mimi umenikuta hai," akasema Bibi Skola. "Kula mwanangu, uwahi. Pikipiki itakuacha."

Ndivyo ilivyokuwa, na sijaongeza neno. Siku hizi wateja wangu ni wachache, waliobaki ni Wazambia na wale wasiojua. Jina la Mama Chuma sitaki kulisikia. Usiku siogopi, cha ajabu. Mimi naogopa mchana, saa tisa, nikiwa nimebaki peke yangu na jiko limetulia.

Sikuambii usadiki kwamba yule mwanamke ni mfu, au jini, au ni baba mdogo alimtuma. Mimi mwenyewe sijui, na nimeacha kuuliza. Nakuambia hili tu. Siku utakayoona mkono wako umekuwa shujaa kuliko jana, au una baka lisilowasha wala kuuma, usijisifu wala usijifiche, nenda ukafumbe macho mbele ya muuguzi. Na ikitokea amekutangulia yule mwingine, ukafumbua macho ukasikia harufu, na watu wamejaa mlangoni wanakuuliza ni nani, funga mdomo wako mpaka uwe tayari kusema ni wewe. Kijumba cha Bibi Skola nimekiezeka upya, mabati mapya, na mlango nimeweka. Hakuna anayelala humo.